Barua kwa mwanangu kuhusu mchanga wa Kigamboni

Tabata, Dar es Salaam

Mwanangu mpendwa,

Nakusalimu wewe, mumeo na wajukuu zangu. Sisi huku hatujambo, na mama yako anawaombea heri katika nyumba mpya. Ama baada ya salamu, nimeona nikujibu kwa barua badala ya simu, kwa kuwa jambo uliloniuliza linahitaji maelezo marefu, na maandishi utaweza kuyarudia ukiwa umesimama bustanini.

Uliniambia kwamba mchicha wenu uliota vizuri, kisha ukadumaa na kugeuka manjano, na kwamba mmeshauriwa kununua lori zima la udongo mweusi na kuutandaza juu ya mchanga wa kiwanja chenu. Nakuomba, mwanangu, msiununue. Udongo mnaouhitaji mnaweza kuutengeneza wenyewe, kwa vitu ambavyo sasa hivi mnalipia ili vichukuliwe na gari la taka.

Tuanze na mchicha. Ulisema manjano yalianzia kwenye majani ya chini, yaliyokomaa, huku machipukizi yakiwa bado ya kijani. Hiyo ni dalili ya upungufu wa naitrojeni, chakula kinachokuza majani: mmea ukiikosa ardhini, huitoa kwenye majani ya zamani na kuipandisha kwenye majani machanga. Kama manjano yangeanzia juu, na mishipa ya jani ikabaki ya kijani, ningeshuku upungufu wa madini ya chuma, jambo linalotokea kwenye ardhi yenye mawe ya matumbawe karibu na bahari, kwa sababu chokaa yake huyazuia madini hayo yasichukuliwe na mizizi. Kwenu chanzo ni mchanga. Punje zake ni kubwa, zina nafasi pana kati yake, na hazina uwezo wa kushikilia maji wala chakula cha mmea; maji mnayomwagilia asubuhi hushuka chini ya mizizi kabla jua halijawa la utosi, na naitrojeni iliyoyeyuka ndani yake hushuka nayo. Ndiyo maana hata yurea, mbolea ya naitrojeni ya dukani, ikitiwa kwenye mchanga mtupu, huukoleza mchicha kwa muda mfupi tu, kisha mvua moja kubwa ya masika huiondoa sehemu yake kubwa. Mboji, yaani mbolea ya majani na masalia yaliyoozeshwa, hufanya kile ambacho mchanga hauwezi: hunyonya maji na kuyatunza, hushika virutubisho na kuviachia kidogo kidogo, na huwapa makazi bakteria, kuvu na nyungunyungu, ambao ndio wanaoifanya ardhi iwe hai.

Sasa kuhusu lile lori. Udongo mweusi unaouzwa mjini mara nyingi huchotwa mabondeni, na ni nadra muuzaji aweze kukueleza kwa uhakika ni bonde gani. Hilo linanitia wasiwasi kuliko bei yake. Mto Msimbazi, unaotoka upande wa vilima vya Pugu na kuingia baharini karibu na Daraja la Selander, hupita katikati ya viwanda na makazi, na watafiti waliochapisha matokeo yao mwaka 1999 walikuta madini mazito yenye sumu, yakiwamo risasi na kadimi, katika mboga za majani zilizolimwa kando ya mito ya Sinza na Msimbazi. Madini ya namna hiyo hayaozi, na yale yaliyokwisha kuingia ndani ya jani hayaondoki kwa kuoshwa wala kwa kupikwa. Sisemi kwamba kila lori limetoka huko, lakini mwenye watoto wadogo hana sababu ya kuubeba wasiwasi huo hadi nyumbani kwake wakati ipo njia nyingine. Kwa sababu hiyohiyo, matuta yenu yasikae ukingoni mwa barabara kubwa, wala mahali palipowahi kuwa gereji au palipovunjiwa betri za magari.

Kizazi changu kilifundishwa kupanga rundo la mboji shuleni, kwa kuwa siasa ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilitaka kila shule iwe na shamba au karakana yake. Utaratibu wa tabaka tuliofundishwa ulifanana na ule ambao Albert Howard, Mwingereza aliyetafiti kilimo huko Indore, India, kati ya miaka ya 1924 na 1931, aliueneza baada ya kujifunza mengi kwa wakulima wa Asia. Nakuandikia utaratibu huo kama unavyofaa kwa hali yetu ya pwani.

Rundo linataka vitu vya aina mbili. Vya kwanza ni vikavu, vyenye kaboni nyingi: majani makavu ya mwembe na mkorosho, nyasi kavu, mabua, maranda ya seremala ambaye hakutia dawa mbao zake, na maboksi yaliyochanwachanwa baada ya kubanduliwa plastiki na gundi. Vya pili ni vibichi, vyenye naitrojeni nyingi: maganda ya ndizi na ya viazi, mashina ya mchicha, magugu ambayo hayajatoa mbegu, na samadi ya ng'ombe, mbuzi au kuku. Viumbe wanaoozesha hufanya kazi vizuri zaidi panapokuwa na sehemu 25 hadi 30 za kaboni kwa sehemu 1 ya naitrojeni. Kwa vipimo vya nyumbani hiyo ni kama ndoo mbili au tatu za vikavu kwa ndoo moja ya vibichi. Nyama, samaki, mifupa na mafuta ya kukaangia visiingie, kwa maana vitaita panya na paka wa mtaa mzima. Machicha ya nazi yanafaa sana, ila yana mafuta, hivyo myatawanye kidogo kidogo na kuyafukia katikati ya rundo. Majivu ya jikoni yanatia potasiamu, lakini yawe ya kunyunyiza tu, kwani yakizidi, hasa juu ya samadi mbichi, huigeuza naitrojeni kuwa hewa ya amonia ikapotea. Makumbi na vifuu huchukua muda mrefu mno kuoza. Vitengeni kwa kazi nyingine.

Najua jikoni kwenu taka za siku moja hazijazi hata ndoo. Kwa hiyo wekeni viroba vya majani makavu karibu na mlango wa nyuma, na kila mnapomwaga maganda kwenye pipa lililotobolewa ubavuni, yafunikeni kwa makonzi mawili matatu ya majani hayo. Nzi hawatakuja, harufu haitakuwapo, na vitu vikitosha mtapanga rundo kwa siku moja. Kupanga kwa siku moja kuna maana kubwa, kwa sababu rundo lisilofika mita moja kwenda juu na mita moja kila upande halitunzi joto.

Chagueni mahali penye kivuli, mbali na kisima. Lipangeni juu ya ardhi, si ndani ya shimo, kwa kuwa masika yakiingia shimo litajaa maji, hewa itakosekana, na mtapata uozo wenye harufu ya mayai viza badala ya mboji. Chini kabisa lazeni vijiti vinene ili hewa ipite. Juu yake wekeni tabaka la vikavu la kina cha kiganja kilichonyooshwa, kisha vibichi nusu ya hapo, kisha samadi kiasi, na konzi chache za udongo wa chini ya mti au za mboji ya zamani, ambazo ndizo zinazoleta mbegu ya bakteria. Kila tabaka linyweshwe maji kabla ya kuweka lingine. Mkishafika juu, lifunikeni kwa makuti au majani ya mgomba.

Kabla ya kufunika, chomekeni fito ndefu kwa mshazari kutoka juu mpaka karibu na kitako cha rundo. Hiyo ndiyo itakayowaeleza yanayoendelea ndani. Baada ya siku tatu au nne ichomoeni na kuishika sehemu iliyokuwa chini: ikiwa ya moto na yenye unyevu, kazi inakwenda sawasawa. Ikitoka na unga mweupe, rundo ni kavu na linadai maji. Ikitoka baridi na yenye kunata, maji yamezidi au vikavu vimepungua. Katikati ya rundo zuri joto hufika nyuzi 55 hadi 65 za Selsiasi, na joto hilo ndilo linaloua mbegu za magugu na vimelea vingi vya magonjwa, ndiyo maana nakusisitizia ukubwa. Chukua pia konzi moja ya vitu vya ndani uiminye kwa nguvu: yakitoka matone machache kati ya vidole, unyevu unatosha; yakichuruzika, umezidi; yasipotoka kabisa na konzi ikabomoka, ongeza maji. Sisimizi wakijenga humo, mjue pamekauka.

Ligeuzeni baada ya wiki mbili au tatu, vya nje viingie ndani na vya ndani vitoke nje, na mrudie kila joto linapopoa. Kazi hii ni nzito, nami nasema wazi kwamba ndiyo inayowashinda wengi. Lakini kwa joto letu la Dar es Salaam, rundo linalogeuzwa huwa tayari kwa miezi miwili hadi mitatu, wakati lisiloguswa laweza kumaliza nusu mwaka na zaidi. Mboji iliyoiva ni nyeusi, inamong'onyoka, haina joto, na inanukia ardhi iliyopata mvua. Ukiona bado ganda la ndizi linatambulika, subiri.

Samadi ya kuku wa nyama, ile inayouzwa kwenye viroba ikiwa imechanganyika na maranda, isipelekwe moja kwa moja kwenye tuta. Ikiwa mbichi huunguza mizizi, na yaweza kubeba vimelea vinavyoharisha watu, jambo la hatari zaidi kwa mboga zinazogusa ardhi. Ipite kwanza kwenye rundo.

Mboji ikiwa tayari, tieni ndoo mbili za lita 20 kwa kila mita moja ya mraba, mchanganye na mchanga wa juu kwa kina cha sentimita 15 hadi 20. Kwa mchanga kama wenu hamtamaliza kazi kwa msimu mmoja; kwenye joto mboji huendelea kuoza hata ikiwa tutani, hivyo kila baada ya kuvuna muongeze ndoo moja. Mkishapanda, tandazeni nyasi kavu kati ya mistari, kwani mchanga ulioachwa wazi kwa jua hukauka kwa saa chache.

Katika mboga zote ningeanza na tembele. Marando ya urefu wa sentimita 30, yakifukiwa theluthi mbili, hushika hata penye rutuba ndogo, na baada ya wiki nne hadi sita mnachuma ncha huku mengine yakiendelea kutambaa. Mchicha mtaurudia baada ya mboji kuingia: mbegu zake ni ndogo mno, kwa hiyo zichanganyeni na mchanga mkavu ili zisidondoke kwa mafungu, zifukieni kidogo sana, na baada ya wiki tatu hadi nne mkate mkiacha shina lichipue tena badala ya kung'oa. Bamia na nyanya chungu hustahimili joto letu. Nyanya zenyewe zisubiri masika yapite, kwa kuwa unyevu huleta ukungu unaochoma majani kwa siku chache.

Maji ya kisima chenu niliyaonja, yana chumvi. Kuyatumia kila siku hurundika chumvi kwenye tuta, hasa wakati wa kiangazi. Wekeni mifereji kwenye bati: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, hivyo paa la mita za mraba 60 likipata mvua ya milimita 20 hupokea lita 1,200. Maji ya kuoshea mchele na mboga nayo yaende bustanini, si mtaroni.

Mwanangu, naumia kila ninapoona gari la taka likipita mtaani kwetu limebeba majani ya mwembe na maganda ya ndizi kuyapeleka dampo la Pugu Kinyamwezi, ambako yanafunikwa, yanaoza bila hewa na kutoa gesi ya methani, wakati nyumba zilizoyatupa zinahangaika kutafuta udongo. Ningependa nyumba yako isiwe miongoni mwa hizo.

Sasa tumo katika kipupwe. Rundo likianzwa mwezi huu wa Julai litakuwa limeiva kabla ya mvua za vuli za Oktoba. Jumamosi nitavuka kuja kwenu na marando ya tembele niliyoyafunga kwenye gunia bichi. Niwekeeni tayari viroba vya majani makavu, ndoo mbili za samadi, na fito inayozidi mita moja na nusu, tulipange la kwanza pamoja kabla jua halijawa kali.

Wasalimu wote.

Ni mimi,
Baba yako