Fundi, usiipite leseni yangu

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niseme na mafundi kompyuta wa hapa Moshi, na sisi wateja tunaowapelekea mashine tukiwa tumefumba macho.

Nina steshenari Pasua. Natoa kopi, nachapa barua, najazia watu fomu za mtandaoni, na msimu wa maombi ya mikopo ya vyuo foleni hufika barabarani. Mashine yangu ya mezani ilipokufa nilinunua laptopu ya mtumba mjini, Dell Latitude yenye prosesa (ubongo wa kompyuta) ya Intel ya kizazi cha nane, kwa shilingi 520,000. Muuzaji alisema imetoka kwenye ofisi huko Ulaya. Diski ilikuwa imefutwa, nyeupe kabisa. Akanielekeza kwa fundi wa jirani yake anipigie Windows, yaani aniwekee ile programu kuu inayoendesha kompyuta, elfu kumi na tano. Baada ya dakika arobaini nikakabidhiwa mashine ina Windows, ina Office, tena ina programu ya kuchanganya muziki ambayo sikuiomba.

Nikamuuliza, hii ni halali? Akacheka. "Mama, hii ndiyo tunampigia kila mtu."

Kumbe ili hiyo Windows ya kuchakachua ikae, alikuwa amezima ulinzi wa virusi. Ulinzi ukiwa macho huikamata ile programu ya kughushi leseni na kuifuta. Hilo hakuniambia. Na hii ni steshenari, flashi za watu zinaingia na kutoka kutwa nzima! Wiki ya tatu akaja kijana kuchapa ripoti yake ya mafunzo kwa vitendo. Nikachomeka flashi yake, tukaona mafolda yote yamegeuka, kila moja lina kimshale kwenye kona, ukilibofya halifunguki. Alinitazama kama nimemwibia. Mafaili hayakuwa yamepotea, yalikuwa yamefichwa na kirusi, lakini hilo tulilijua jioni. Saa ile nilibaki kuomba radhi na kumnunulia soda.

Mtoto wa kaka yangu anayesoma chuo alikuja Jumapili. Akafungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri, akaandika mstari mmoja, ikatoka namba ya leseni: herufi na tarakimu 25, makundi matano ya tano tano. "Shangazi," akasema, "hii mashine ina Windows yake ya kulipiwa humu ndani. Wamekuwekea ya wizi juu yake."

Nieleze nilivyoelewa, maana nadhani wengi hatulijui hili. Laptopu nyingi zilizotoka kiwandani na Windows tangu enzi za Windows 8, mwaka 2012, namba ya leseni imewekwa ndani ya bodi kuu. Ufute diski, uitoe uweke nyingine, namba iko palepale na inahama na mashine kwa kila anayeinunua. Zile za Windows 7 zilikuwa na stika chini ya tumbo la laptopu, ikichubuka ndiyo imetoka hiyo. Bodi ikiwa imebadilishwa, hapo kweli habari ni nyingine. Sasa flashi ya fundi wangu ilikuwa na Windows ya aina ya Enterprise, ile ya makampuni makubwa. Namba ya bodi yangu ni ya aina nyingine, Pro. Haviendani, kwa hiyo haina budi kughushiwa.

Mpwa wangu alipakua Windows kutoka kwa wenyewe Microsoft, bure, akaiweka kwenye flashi. Flashi isipungue GB 8, na bando liandae, maana faili ni kubwa, GB kadhaa. Tukahamisha kazi zangu kwanza. Akawasha mashine huku anabonyeza F12, akachagua flashi. Mimi nilikaa na kalamu na ile namba kwenye karatasi, nikingoja iulizwe. Haikuulizwa! Haikuuliza namba, haikuuliza Pro au Home, ilisoma yenyewe kwenye bodi ikaendelea. Tulipoiunganisha na intaneti ya simu, sehemu ya mipangilio ikaandika kwamba imethibitishwa kwa leseni ya kidijitali. Ile karatasi bado ninayo kwenye droo.

Najua watakaosema Windows ya kununua ni ghali kwa Mtanzania wa kawaida. Ni ghali, ndiyo maana naudhika. Leseni ile ilishalipiwa Ulaya, nami nimeinunua pamoja na chuma chake, halafu fundi kaipita akaniuzia ya kughushi kwa elfu kumi na tano. Na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda programu za kompyuta kama inavyolinda nyimbo. Siku mtu akiingia kukagua, mwenye steshenari ni mimi, fundi yuko kwake.

Simchukii fundi. Ana flashi moja, anampigia kila anayekuja, na wateja wenyewe tunasimama mlangoni tukisema fanya haraka nawahi gari la Marangu. Lakini flashi ya pili yenye Windows safi ingemgharimu nini? Dakika moja ya kusoma namba ya bodi kabla ya kuanza? Hata akitaka elfu ishirini nitampa.

Halafu kuna hili la Windows 10. Microsoft walisitisha matengenezo yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na nasikia watu wanaambiwa wapigiwe 11 kwenye mashine yoyote ile. Kwa masharti ya Microsoft, upande wa prosesa za Intel, Windows 11 inaanzia kizazi cha nane, na inataka TPM 2.0, yaani kinga ya usalama iliyomo ndani ya mashine yenyewe. Unaponunua ya mtumba uliza kizazi kabla ya kuuliza bei.

Flashi ya mpwa wangu iko kaunta kwangu. Fundi anayetaka kuinakili aje, sitamtoza hata shilingi. Ila ya kwake nitaipima virusi kwanza.

Mama Steshenari,
Pasua, Moshi