Tuwakumbuke wanajeshi tisa wa Lady Be Good

Mhariri,

Kila tunapozungumzia Vita Kuu ya Pili ya Dunia, waliouawa na jangwa tunawasahau. Aprili 4, 1943, ndege ya Marekani ya kudondosha mabomu, B-24 iliyoitwa Lady Be Good, iliruka kutoka Libya kwenda kushambulia Naples. Ikirudi usiku ilipitiliza kituo chake, ikazidi kuingia Sahara hadi mafuta yakakaribia kwisha. Wote tisa waliruka kwa miavuli. Mmoja mwavuli wake haukufunguka vizuri. Wanane wakakutana, wakatembea kuelekea kaskazini na chupa moja ya maji, wakidhani bahari iko karibu. Inaniuma sana hiyo! Mabaki ya ndege yalionekana mwaka 1958, na mmoja wao hajapatikana rasmi hadi leo. Naomba uchapishe majina yao yote tisa.

Msomaji wako, Tanga