Barua kwa mwanangu Somoe: hadithi yenu iwekeni njia ya Tendaguru

Somoe mwanangu,

Voisi yako ya dakika saba nimeisikiliza mara tatu. Mara ya kwanza nilikuwa jikoni na wageni wa chumba namba nne wanagombea maji ya moto, sikushika kitu, mara ya pili nikacheka, mara ya tatu ndo nikakaa kitako nikaelewa kumbe mnagombana kweli. Watu watano, hadithi moja, mwezi mzima mnabishana iwekwe zama gani! Ingekuwa ubwabwa mngeshakula ukoko.

Nilianza kukujibu kwa voisi nikaona nababaika, kwaiyo naandika, usome taratibu, wenzio ukitaka wasomee.

Yale ya mwaka jana siyarudii, we mwenyewe unajua hadithi yenu ilikufa vipi, yule mwenzenu kamuua mzee wa watu sura ya tatu wakati we ushamuandikia harusi sura ya tano, mkanuniana mpaka Idi. Ila mi naona kosa halikuwa lake. Kosa mlichagua mahali ambapo hakuna mtu anaejua kitu, "zamani za kale pwani", sasa zamani ipi, pwani ipi? Kila mtu akawa anajenga nyumba yake kwenye kiwanja chake halafu mnashangaa milango haikutani.

Mi kazi yangu kulisha na kulaza wageni, miaka kumi na tisa saivi, na mtu akishuka stendi akiniambia anataka chumba maswali yangu hayazidi matatu: umekula, unalala siku ngapi, analipa nani. Basi na zama za hadithi ziulizeni hivyohivyo. Walikula nini, walilala wapi, nani alilipa. Mkikosa majibu hameni.

Najua we roho yako iko Kilwa. Tangu tulipokupeleka Kisiwani ukiwa darasa la tano ukaliona lile birika la pembe nane pale Husuni Kubwa, magofu ya jumba la sultani, ukasema unataka kuoga humo, nikajua huyu kashapotea. Na kweli panavutia, Sultani al-Hasan bin Sulaiman, mtu waliyemwita Abu al-Mawahib kwa ukarimu, Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, kafika 1331 kamkuta yupo. Lakini hebu angalia hapohapo, huyo Ibn Battuta chakula alichokieleza kwa raha zake mpaka ndizi za kupikwa na maziwa na achari ya ndimu ni cha Mogadishu, siyo cha Kilwa! Kilwa katueleza sultani na msikiti na vita vyake, akapanda chombo akaondoka. Na Kiswahili chao cha 1331 kilisikikaje? Mtawaandikia mazungumzo gani, waseme "poa"? Halafu nyie watano wote mtataka kukaa jumba la sultani, nani ataandika mbeba maji. Nyumba ya mfalme mmoja haitoshi waandishi watano, mtakanyagana.

Maji Maji aliyoitaka yule kijana wa Songea namuelewa kabisa, kwao ndiko walikonyongwa wale wazee. Na kwetu huku ndo ilianzia, Nandete, Julai 1905, watu wakang'oa pamba ya Mjerumani shambani. Lakini Kinjikitile Ngwale alinyongwa Mohoro Agosti 4 mwaka huohuo, vita haijamaliza hata mwezi, na kila anaeandika Maji Maji anataka kumfanya Kinjikitile yeye. Mna watu watano na shujaa mmoja ambae kafa mwanzoni. Mtaanza kugombea nani anashika chupa ya maji. Mi ningeogopa pia ule uzito, unaua watu kwa maelfu kwenye karatasi halafu hujui jina la hata mmoja.

Reli ya karanga ya Nachingwea naipenda mno, baba yako akianza ile stori ya vifaru vya vita vilivyogeuzwa matrekta unajua hamalizi, lakini ile acheni iwe ya pili. Mradi ule wa Waingereza wa kulima karanga ulianza 1947 ukavunjwa 1951, ni kichekesho kirefu, na mtu asiejua kuchekesha akiandika kichekesho ni adhabu. Ya Frelimo, wapigania uhuru wa Msumbiji, kambini Nachingwea hiyo msiiguse bila kuomba ruhusa, kuna wazee wako hai hapa Lindi walivuka Ruvuma usiku na watoto mgongoni, mtu akiandika uongo wataupata kwenye simu ya mjukuu asubuhi hiyohiyo.

Sasa sikia langu. Tendaguru, kile kilima chetu cha mifupa ya dinosaria, hao tunaowaita mijusi.

Usinune, najua utasema "mama na mijusi yake". Siyo mjusi ninaoutaka mi, nataka njia.

Unajua habari yenyewe kwa kifupi, 1906 Mjerumani mmoja mhandisi wa madini, Sattler, kaona mifupa mikubwa kwenye kilima (wanasema aligundua, haya, watu wanaolima pale na majembe yao wanagonga mfupa kila msimu wao walikuwa wanafanya nini). Basi 1909 mpaka 1913 likaja kundi kutoka Berlin, wakubwa wao Janensch na Hennig, wakaajiri watu wetu kwa mamia, wengine wakahamia kilimani na wake na watoto, kikawa kijiji kizima. Mifupa ikafungwa ndani ya mianzi, ikabebwa kichwani na mabegani kwa miguu kutoka kilimani mpaka bandarini hapa Lindi, kilometa kama sitini na kitu, siku tatu nne njiani, tani zaidi ya 200 jumla. Mia mbili, Somoe! Kichwani! Alafu meli. Yule mkubwa kuliko wote walimsimamisha kwenye makumbusho yao 1937, urefu wake juu mita 13, na mpaka leo bungeni kila baada ya muda anasimama mtu anauliza mjusi wetu anarudi lini.

Tazama sasa hiyo njia kama mwandishi. Kila siku watu wanapanda na wengine wanashuka, wanapishana. Mmoja wenu anaandika mchimbaji, mmoja mpagazi, mmoja karani wa boma Lindi anaejua kusoma na anapata gazeti la Kiongozi lililokuwa linapigwa chapa Tanga, mmoja baharia wa jahazi, mmoja, na huyu nataka awe we, mwanamke aliyefuata mume kilimani anapika. Hakuna anaemkanyaga mwenzie maana kila mtu ana kipande chake cha njia, na wakikutana wanakutana kweli, mahali panapojulikana, kwenye kivuli au kwenye maji. Mtu akitaka kumuua mhusika wake amuue siku ya pili ya safari, siku ya nne mzigo utafika na mtu mwingine chini yake, na wenzie wote wataona. Haifichiki.

Na yale maswali yangu matatu yote yana majibu. Nani alilipa: Mjerumani, kwa rupia na heller, na watu walizitaka kwa sababu kodi nayo ilidaiwa kwa rupia, siyo kwamba mtu kaamka asubuhi anapenda mifupa. Walilala wapi: vibanda vya miti na nyasi. Walikula nini, hapo ndo hadithi yenyewe ilipo mwanangu. Hii ni 1909, vita ya Maji Maji imeisha 1907 tu, Mjerumani kachoma maghala na mashamba, njaa iliyofuata imeua wengi kuliko risasi. Kwaiyo yule mpagazi wenu aliebeba mfupa wa mguu wa mjusi, miaka miwili nyuma alikuwa porini anachimba ming'oko, viazi vya porini, ale. Bibi yako alikuwa akituambia alivyosimuliwa na mama yake, ming'oko saivi mnauziana na pilipili na chumvi mnaona starehe, wao waliila kwa kukosa. Mtu huyo mnampa mzigo wa mfupa anambebea nani? Mjerumani yuleyule aliyechoma. Na hamhitaji kuipigana vita hata ukurasa mmoja, ipo tu, kwenye mbavu za watu. Ndo maana nakwambia kijana wa Songea Maji Maji yake ataipata humuhumu, tena nzuri zaidi.

Muda nao ubaneni. Msichukue miaka yote minne, na msinivutie mpaka Waingereza waliokuja baadae 1924, yule mkubwa wao Cutler akafia hapahapa Lindi kwa malaria mwaka uliofuata, inatia huruma ila ni hadithi nyingine. Chukueni 1910 peke yake. Kwa nini 1910, kwa sababu mwezi wa nne na wa tano ile nyota yenye mkia ya Halley ilikuwa juu dunia nzima inaiona, alfajiri, sasa mtu wa kilimani ambae miaka miwili nyuma, 1908, kasikia ile barua iliyosemekana imetoka Makka ikisomwa misikiti ya Lindi hii kwamba kiama kimekaribia, watu wakajaa misikitini mpaka Mjerumani akaogopa Maji Maji nyingine, mtu huyo akiiona nyota ina mkia atasema nini? Na chini ya miguu yake kuna mifupa ya mnyama ambae hayumo kwenye kisa chochote alichosimuliwa. Mi ningekuwa na umri wenu nisingelala. Alafu Ramadhani ya mwaka ule ikaanza mwanzoni mwa Septemba, kiangazi, jua la kwetu unalijua, na mizigo inashuka. Kuna anaefunga na kuna anaekula kwa kujificha nyuma ya kichuguu. Hizo sura tatu nimeshawapa bure.

Jambo moja la adabu. Msimamizi wa wachimbaji alikuwepo kweli, Boheti bin Amrani, mtu wa kwetu, mjuzi hasa, na 2007 wataalamu wakampa mjusi mmoja jina lake, Australodocus bohetii. Huyo msimguse kwa mchezo, asilewe, asiibe, apite kwa mbali watu wamsalimie. Wapagazi ndo wenu, wale majina yao hayakuwekwa popote, muwape.

Na acheni mikorosho! Kwenye ile kurasa uliyonitumia umemkalisha mtu chini ya shamba la mikorosho akipunga upepo. Mashamba ya korosho kuzagaa hivi ni mambo ya baadae sana, wakati ule we ungemkalisha chini ya mwembe au mkwaju na tusingegombana. Mmoja wenu awe na daftari, daftari la karatasi siyo la kwenye simu, kila mkikubaliana kitu kinaandikwa humo na tarehe, kisima kiko upande gani, punda hayupo, nani ana kovu, na kisichoandikwa humo yeyote anaruhusiwa kukibadilisha. Mtachoka siku mbili za kwanza.

Mi kule nilifika mara moja, sijui kama nilikusimulia vizuri. Kuna wageni walilala hapa kwetu wakataka mpishi wa siku tatu, nikaenda na sufuria zangu nyuma ya gari. Tukaacha lami tukaingia vumbi, kisha hata vumbi likaisha ikawa nyasi zinagonga kioo. Nilitegemea nitaona kitu, bango, mashimo makubwa. Hamna. Kilima cha kawaida, miombo, ukimya, na kwa mbali bonde la Mbwemkuru. Yule mzee aliyetuongoza akainama akaokota kijiwe cha rangi kama ya udongo wa mfinyanzi, akaniambia mama kiweke kwenye ulimi, nikasema we baba una wazimu, akakiweka wa kwake kikaganda pale ulimini, hakianguki. Akasema jiwe linaanguka, mfupa unaganda, hivyo ndo babu yake alivyokuwa anajua achimbe wapi. Nikajaribu. Kikaganda kweli, kikavu, kinanyonya mate yote, na ladha ya vumbi la mvua. Mwanangu nilisimama pale na mfupa ulimini kama mtoto, sikuweza hata kucheka. Wale wageni walinipiga picha wakaahidi kunitumia, mpaka leo.

Hiyo ulimi muiweke kwenye hadithi, ila mpe yule mwanamke wa jikoni, yeye ndo kazi yake kuonja.

Korosho zako nimezifunga, kilo mbili zimebanguliwa, moja mbichi kwa ajili ya yule rafiki yako anaekaanga mwenyewe. Chini ya boksi kuna ngata ya bibi yako, ile ya khanga ya kusuka, usidhani ni tambara ukaitupa. Kabla hujaandika neno la mpagazi iweke kichwani, tafuta ndoo ya lita ishirini imejaa, utoke hosteli mpaka kituo cha daladala na kurudi, usishike kwa mikono. Na wenzio wote wapite hapohapo, yule wa Songea awe wa kwanza maana ndo anabisha sana. Boksi lipo kwa kondakta, nauli nimelipa, litafika Mbagala kesho jioni, nenda na mtu msiende saa mbili usiku.

Mama yako,
Lindi