Mjusi wako atandikiwe nini

Shoga yangu,

Salamu nyingi, na hongera ya mgeni. Ile picha nimeikuza mpaka basi: mkia mnene, macho maangavu, vidole vyote vipo. Huyo mjusi chui ni mzima. Kilichonishtua ni ule mfuko wa mchanga wa rangi pembeni ya tangi. Kama hujaufungua, usiufungue. Kama umeshaumwaga, mtoe mjusi, uzoe mpaka chembe ya mwisho, kisha ndiyo urudi kusoma.

Najua kilichoandikwa kwenye mfuko: mchanga una kalisiamu, hata akiumeza hauna neno. Shida yenyewe iko hapohapo. Mjusi akipungukiwa na kalisiamu huitafuta kwa ulimi, analamba chini. Sasa umemtandikia kitu ambacho kila akikilamba anapata ladha ya anachokitafuta, ataacha vipi? Chembe hizo zikikutana tumboni hugandana, utumbo ukaziba. Utamwona haendi choo, anakataa chakula, tumbo limejaa, pengine kuna kivuli cheusi kinachoonekana chini ya ngozi ya tumbo. Ikizidi, anaanza kuburuta miguu ya nyuma. Akifika huko usihangaike na mafuta wala kumkanda. Mpeleke kwa daktari wa wanyama aliyezoea kutibu mijusi na nyoka.

Wauzaji hujitetea kwamba huyu ni mnyama wa jangwani, kwa hiyo mchanga ndio kwao. Kwao ni Afghanistan, Pakistan na kaskazini-magharibi mwa India, ndiyo, na ni kukavu, lakini anakaa kwenye mawe na udongo mgumu ulioshindiliwa, mchana kajificha kwenye nyufa. Mwangalie miguu. Hana vile vidole vya kunata vya mjusi wa ukutani. Ana vidole vyembamba na kucha, vya kutembelea ardhi ngumu. Mimi naiamini miguu yake kuliko maandishi ya mfuko.

Kwa sasa mtandikie karatasi. Taulo za karatasi za jikoni, nyeupe, zisizo na manukato, tabaka mbili tatu. Utaniambia tangi limekuwa kama wodi, na mimi nitakujibu ndivyo ninavyotaka, kwa sababu mgeni hujui alikuja na nini. Juu ya karatasi nyeupe hakifichiki kitu. Choo chake kikiwa kizuri ni kipande cha kahawia kilichoshikana, na pembeni yake kidonge cheupe, ambacho ndio mkojo wake. Kikiwa majimaji, kinanuka vibaya, au kina vipande vya wadudu ambavyo havikusagika, kiweke kwenye kikopo safi umpelekee daktari akipime. Uzuri wao ni kwamba huchagua kona moja ya kujisaidia na kuishikilia, kwa hiyo mara nyingi utabadilisha karatasi ya kona hiyo tu. Usibandike karatasi kwa utepe wa gundi. Ngozi yake ni laini, akinasa, inachunika.

Wadogo wakae juu ya karatasi mpaka wakue, bila mjadala.

Mgeni wako akishazoea na choo kikipimwa kikaonekana safi, mimi ningehamia kwenye vigae na ningebaki hapo. Bibi Madoa, mjusi wangu, yuko juu ya vigae na sioni kitakachomtoa. Chagua vyenye uso wa kukwaruza, maana vya kung'aa vinateleza, na mjusi anayeteleza kutwa hatembei kwa raha. Kigae kinapokea joto la pedi ya umeme ya kupashia joto iliyo chini ya tangi na kulitunza, kinafutika, na kucha zinajisaga zenyewe. Pima ndani ya tangi, usipime nje, ili unene wa kioo usikudanganye. Kisha mwambie fundi akate pungufu kidogo, kwa sababu kigae kilichoingia kwa kulazimishwa hutakitoa siku ya kusafisha. Mianya inayobaki izibe kwa karatasi iliyokunjwa vizuri. Nyenje uliyemwekea awe chakula, akiponyoka, huingia humo, akatoka mjusi akiwa amelala na kuanza kumng'ata. Bibi Madoa aliwahi kuamka na kidonda kidogo ubavuni kwa mtindo huo.

Maranda usiyaguse, hasa ya msonobari na mwerezi: harufu ile unayoisikia tamu ni mafuta yanayoumiza mapafu yake. Maganda ya jozi yaliyosagwa ni makali, na yakiingia tumboni yanakwaruza. Zulia la tangi linauzwa sana, lakini kucha na meno hunasa kwenye nyuzi zake, na uchafu unaozama ndani hautoki wote hata ulifue vipi.

Utakutana na watu wanaochanganya udongo wa kawaida usio na mbolea na mchanga, wakaulowesha, wakaushindilia na kuuacha ukauke ukawa mgumu. Udongo uzidi mchanga, takribani 70 kwa 30. Siwapingi. Kwa mjusi mkubwa, mwenye afya, ni karibu zaidi na kwao kuliko kigae changu, naye hupata pa kuchimba. Ila tandiko nene linalizuia joto la pedi ya chini, likabaki kujilundika kwenye kioo, kwa hiyo huko utahitaji taa ya juu. Na chakula umpe kwa kibano au kwenye kibakuli, asiwe anamkimbiza nyenje na kung'ata udongo pamoja naye.

Hilo la joto nalisisitiza, maana watu wanalaumu tandiko wakati kosa liko kwenye pedi. Mjusi hupata joto la kusagia chakula kutoka nje ya mwili wake. Sehemu yake ya moto iwe nyuzi 32 hadi 34, na kipimajoto ukilaze sakafuni anapolalia tumbo. Kile cha kubandika ukutani kinapima hewa. Pedi ipitie kwenye kidhibiti joto, kwa kuwa ikiachwa yenyewe inaweza kumuunguza. Akikaa kwenye baridi, chakula kinalala tumboni hata kama chini kuna karatasi safi. Kwenye kifuniko cha chupa muwekee unga wa kalisiamu kidogo. Akiuhitaji ataulamba huko, aache kulamba sakafu.

Uliniuliza pia kama tangi lote liloweshwe kidogo ili ajivue ngozi vizuri. Hapana. Likae kavu, ila mpe kijisanduku kimoja chenye mlango, ndani karatasi iliyoloweshwa na kukamuliwa, uibadilishe kabla haijaanza kunuka ukungu. Ataingia mwenyewe rangi yake ikianza kufifia. Akimaliza, mkague vidole kimoja kimoja: ngozi iliyobaki imekizunguka kidole hukikaza mpaka kikafa na kudondoka.

Nitumie urefu na upana wa ndani ya tangi. Nina vigae vilivyobaki, vya kijivu, vya kukwaruza, na fundi wangu bado ana ile mashine ya kukatia. Pedi usiiwashe kabla hujapata kidhibiti.

Msalimie huyo mgeni, na watu wote wa nyumbani.

Ni mimi shoga yako,
mama yake Bibi Madoa