Binti yangu ananiuguza hadi anajisahau

Mpendwa mshauri,

Mimi ni mjane wa miaka 43, naishi Dodoma na wanangu wawili. Presha ilinila figo kimyakimya, na tangu mwaka jana nasafishwa damu mara tatu kwa wiki, kila mara saa nne nzima kwenye mashine. Nikirudi nyumbani sina hata nguvu ya kuvua viatu.

Anayenikosesha usingizi ni binti yangu wa miaka 16, yuko kidato cha tatu. Ndiye anayepika, na chakula changu anakipika kando: viazi anavikatakata, anaviloweka, anavichemsha na kumwaga maji ili ipungue potasiamu, madini ya kwenye vyakula ambayo figo zangu haziwezi tena kuyatoa mwilini. Maji yangu ya kunywa ya kutwa ananipimia asubuhi kwenye chupa. Mdogo wake akinimegea chungwa, nalo lina potasiamu, anamkemea. Majirani wanamsifu, "Huyu si mtoto, ni mtu mzima." Roho inaniuma, maana ni kweli.

Alikuwa anacheza mpira wa pete, ameacha. Wenzake hawaji tena kumpitia. Mwalimu wake ameniita, anasema anasinzia darasani na hesabu zimeporomoka. Usiku huja kitandani kwangu akinyata, ananishika mkono wa kushoto pale walipounganisha mishipa kwa ajili ya mashine, asikilizie kama bado panatetema. Mimi najifanya nimelala.

Juzi kaniuliza: akifikisha miaka 18, atakubaliwa kunipa figo yake moja? Nikamwambia sitaki hata kusikia. Akanyamaza, halafu akasema, "Sasa mama, unataka nifanye nini?" Sikuwa na jibu.

Mama yake mkubwa aliyeko Iringa yuko tayari kumchukua, Januari aanzie kidato cha nne huko. Naogopa akiondoka atajiona amenitupa. Akibaki, ujana atausikia kwa wenzake tu. Na niseme ukweli wangu wote: sehemu ya moyo wangu haitaki aende kwa sababu namhitaji. Jambo hilo linanitesa kuliko sindano.

Nimpeleke, au kuna namna ya kumpunguzia mzigo akiwa hapahapa? Habari ya figo niizungumze naye vipi bila kumvunja moyo? Na kama kuna msomaji aliyemuuguza mzazi akiwa na umri huo, naomba aniambie: ulitamani mama yako akufanyie nini?

Mama wa wawili,
Dodoma