Sumukuvu haifi jikoni

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi tuseme na wakulima na walaji wa Dodoma kuhusu sumukuvu, yaani sumu inayoachwa na kuvu (ukungu) kwenye mahindi na karanga. Jina hilo wengi walilisikia mwaka 2016, watu 68 walipougua katika mikoa ya Dodoma na Manyara na 20 kati yao wakafariki. Tangu hapo kumebaki imani mbili mitaani: kwamba sumu hiyo iko kwenye mahindi yaliyooza tu, na kwamba ukiyapika yakaiva vizuri imekwisha. Zote mbili zinaua.

Kuvu anayeitengeneza anaishi kwenye udongo. Hupanda kwenye punje iliyopasuka kwa ukame, iliyotobolewa na funza au iliyovunjika wakati wa kupura. Moto humuua kuvu, lakini sumu aliyokwisha kuiacha haiondoki. Maji ya ugali huchemka kwenye nyuzi 100. Sumu hii huhimili zaidi ya 200. Haina harufu wala ladha, na punje inayong'aa inaweza kuwa nayo. Ikiingia kwa wingi, mtu hutapika, macho huwa ya njano na tumbo hujaa maji. Ikiingia kidogo kidogo kwa miaka huleta saratani ya ini, hasa kwa mwenye homa ya ini aina ya B. Ndiyo maana chanjo ya watoto ya wiki ya 6, 10 na 14 isikoswe hata dozi moja.

Kazi kubwa, basi, ni kabla ya jiko. Mahindi yakishakomaa yavunwe. Kuyaacha yamesimama shambani mwezi mzima "yajikaushe" ni kuwakaribisha wadudu. Yaanikwe juu ya turubai au kichanja, si chini kwenye vumbi, kwa tabaka lisilozidi vidole vitatu, yageuzwe mara kwa mara na kufunikwa jioni. Kuyajaza kwenye gunia na kuyatwanga kwa fimbo huokoa muda, lakini huvunja punje, na kila punje iliyovunjika ni mlango.

Mahindi ya kuhifadhi yanatakiwa yasizidi unyevu wa asilimia 13.5. Kung'ata punje hakutoshi kukwambia. Chukua chupa ya kioo iliyo kavu kabisa, weka mahindi hadi kama theluthi yake, ongeza vijiko viwili vya chakula vya chumvi iliyoanikwa juani. Funga, tikisa kwa nguvu dakika moja, kisha iache itulie dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kioo, unyevu umezidi asilimia 15, rudisha turubaini. Isipoganda uko karibu. Ongeza siku moja au mbili za jua. Chumvi yenye unyevunyevu au chupa iliyooshwa asubuhi hiyo itakudanganya.

Mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa ni mizuri kwa mahindi makavu tu. Kamua hewa, sokota na kufunga kila tabaka peke yake, weka juu ya chaga. Ukiyafungia mabichi humo, yataota ukungu.

Karanga zina tabia yake mbaya, na hapa tuseme wazi. Wabanguaji wengi hunyunyizia maji maganda ili yalainike, karanga zitoke nzima, kisha zinaingizwa gunia siku hiyohiyo. Huko ndiko kuvu anakostawi. Zibanguliwe kavu, hata kama chache zitavunjika. Zilizosinyaa, nyeusi, zilizoota au zilizovunjika zitolewe moja moja kwa mkono kabla ya kusagwa kwa ajili ya mlenda. Karanga ikishasagwa huwezi tena kuichambua, kwa hiyo karanga ya unga ya sokoni ndiyo tunayoiogopa zaidi.

Vivyo hivyo unga wa uji wa lishe wa nafaka nane. Kuchanganya vitu vingi si lishe zaidi. Mahindi na karanga vikiwa na sumu, mtoto anapewa vyote viwili kwa kikombe kimoja, kila siku. Kwa Dodoma uwele na mtama tunavyo, na kwa kawaida sumu hii huvipata kidogo kuliko mahindi. Nunua kila nafaka nzima, chambua, osha, ondoa zinazoelea, anika upya, ndipo upeleke mashineni.

Na dona? Sisi ni wapenzi wa dona, ila sumu hukaa zaidi kwenye ganda na kiini. Dona ya mahindi yaliyochambuliwa ni chakula bora. Mahindi usiyoyajua yalikotoka, heri uyakoboe. Pumba zake na yale mabovu uliyotoa usiwape kuku wala ng'ombe, wala usiyauze kwa wapika pombe: ng'ombe akila, sumu hupita kwenye maziwa, na pombe haiiondoi. Yafukiwe mbali na ghala.

Lakini tusimlaumu mkulima peke yake. Kila siku ya kuanika inampunguzia kilo, na mnunuzi analipa bei ileile kwa makavu na mabichi. Mezani kwa mnunuzi utakuta mizani. Kipima unyevu hukioni. Halmashauri zinazokusanya ushuru wa mazao ziweke kipima unyevu kimoja kwa kila soko, kisha mahindi yaliyozidi asilimia 13.5 yakatwe bei hadharani, mbele ya muuzaji.

Maofisa ugani wawili,
Kongwa, Dodoma