Ile filamu niliyokuficha

Mwanangu,

Assalamu alaikum. Huku Likoni hatujambo. Mamako anakusalimu, na yule paka wako kazaa tena chini ya kitanda changu, wanne, sijui nitampa nani.

Ujumbe wako niliusoma jana nikiwa kwenye feri. Wasema mmebishana na wenzako juu ya filamu za kati ya 2010 na 2019, ukawaambia babako aliuza DVD, ngoja umuulize yeye anazipenda zipi. Nilitaka kukupigia simu, lakini jibu limekuwa refu, na ndani yake mna jambo ambalo ningekwambia zamani kama ningekuwa na moyo.

Ya kwanza ni Nairobi Half Life ya David Gitonga, iliyotoka 2012. Ulikuwa na miaka 7, ukikaa chini ya meza yangu pale karibu na kivuko ukipanga majalada kwa rangi, si kwa majina. Ile filamu inaanza na kijana anaitwa Mwas, yuko kijijini kwao anauza filamu za mapigano za Wazungu. Hauzi kwa kunyamaza. Anaigiza, anarusha ngumi, anatoa mlio wa bunduki kwa mdomo, mteja akishacheka keshanaswa. Basi nikajiona mzimamzima. Si nami nilikuwa nikiwahadithia watu wa feri nusu ya filamu, halafu naikatia pale panapokolea?

Mwas anakwenda mjini kutafuta kuwa mwigizaji, kabeba redio za watu. Hajaujua mji hata njia moja, keshaporwa, na siku hiyohiyo yuko ndani anaoshishwa choo cha mahabusu. Kile choo! Mteja mmoja alinirudishia DVD akidai imemharibia chakula cha usiku. Mle ndani ndimo anamokutana na Oti, na kutoka hapo ni genge la kung'oa vipuri vya magari usiku, na mazoezi ya jukwaani mchana. Joseph Wairimu, aliyemcheza Mwas, alipewa tuzo ya mwigizaji bora Durban mwaka uleule. Itazame tena umwangalie mabega tu. Akiwa na genge si yale aliyonayo akiwa jukwaani.

Na aibu yangu niiseme: ilikuwa filamu ya kwanza ambayo Kenya iliipeleka kushindania Oscar, nami niliichoma nakala nikaiuza shilingi 50, jalada la fotokopi. Kijana anahangaika kutoka maisha ya wizi, na mimi namuibia huku namsifu. Hilo lilinijia baadaye sana.

Mamako hataki kusikia hizi. Yeye mpe filamu ya Kihindi iliyotafsiriwa na DJ Afro, acheke mpaka ashike ubavu, hata pale mtu anapokufa. Simlaumu, maana DJ Afro kuna filamu mbovu kaziokoa kwa mdomo wake.

Kisha Kati Kati ya Mbithi Masya, 2016. Mwanamke anazinduka katikati ya nyika, hajui kafikaje, anakuta hoteli na watu wanaogelea na kupiga soga. Wote wamekufa, naye pia. Wanakaa pale mpaka kila mmoja akubali lile alilolikimbia duniani. Ilipata tuzo ya wahakiki kule Toronto. Baadhi ya mazungumzo yake yananichosha, sikufichi, lakini ule ukimya wa nyika sijausahau. Na T-Junction ya Amil Shivji, ya Tanzania, 2017: Fatima na Maria wanakutana hospitalini, hawajuani, mmoja anamsimulia mwenziwe habari za wachuuzi wa pale njia panda. Niliipenda kwa kuwa ni hivyo hasa. Nawe wakumbuka ile benchi yetu ya kliniki, kila mwezi, mimi na kadi yako na chupa ya maji, na yule mama wa Kwale aliyetumalizia hadithi ya mashemeji zake wote kabla hatujaitwa.

Sasa hiyo niliyokuficha. Inaitwa Supa Modo, ya Likarion Wainaina, 2018. Ulikuwa na miaka 13. Niliileta nyumbani kwenye flashi, nikaiangalia peke yangu kwanza usiku, na asubuhi nikakwambia flashi ina virusi, haifunguki. Ilifunguka vizuri sana.

Ni ya mtoto anaitwa Jo, ana miaka 9 na ugonjwa usiopona. Mamake anamtoa hospitali kumrudisha kijijini, Maweni, na anamtaka alale, apumzike, asiguswe na upepo. Jo anataka kuwa shujaa wa sinema mwenye nguvu za ajabu. Dadake, Mwix, hakubali kumwona anangojea kufa kitandani. Anamtoa nje, na mwisho kijiji kizima kinaingia kwenye mchezo, mpaka wanaamua kumtengenezea filamu yake mwenyewe.

Nilisema moyoni nakuficha kwa sababu Jo ni mgonjwa nawe una selimundu, huo ugonjwa wa damu uliozaliwa nao, nisikutie hofu. Uongo. Wewe hukuwa mtoto wa kutishika. Niliyemwona mle ndani ni yule mama.

Wakumbuka Jumapili ile dadako alipokuchukua baharini? Mimi nilikuwa nimekataza: maji yana baridi, yatamletea maumivu. Mkarudi magharibi, nywele zimejaa mchanga, wewe umeshika kaa ndani ya chupa ya soda unamwita jina. Usiku miguu ikaanza. Nilikukanda mpaka alfajiri, na kila ulipolia nilitoka mlangoni nikamwambia dadako neno jingine. La mwisho nilimwambia anataka kukuua. Alikuwa na miaka 17. Alisimama pale ukumbini na kanga yake imelowa, hakunijibu.

Mwaka mmoja baadaye naangalia Supa Modo, nasikia maneno ya mama na Mwix, na nagundua naujua upande wangu, na kwamba si ule niliotaka kuwa nao. Maumivu yako yalipita siku ya tatu. Habari za yule kaa ulizisema mwaka mzima.

Sijamwambia dadako mpaka leo. Nimesema nianze na wewe, labda ulimi utalainika.

Desemba ukija, flashi iko ndani ya kopo la kahawa juu ya kabati. Dadako nimemwita aje Ijumaa yake. Aliniuliza kuna nini, nikamwambia kuna filamu nataka tuitazame sote. Akasema, "Baba, wewe na filamu zako." Lakini kasema atakuja.

Vidonge vyako vya foliki usiviruke. Na maji, unywe.

Babako